Vipepeo wa majira ya kuchipua Uingereza: lisome jua kabla ya kushika kamera

Swali: Nimetoka Tanga, sasa naishi Luton. Nina kamera na lenzi ya makro ya milimita 100. Aprili iliyopita nilizunguka mashambani wikendi kadhaa nikitafuta vipepeo. Siku nyingine sikuona hata mmoja, na siku nyingine waliruka kabla sijawafikia. Kwenye picha chache nilizopata, vipepeo weupe wameungua kwa mwanga na wengine wana ukungu. Niende wapi, saa ngapi, na nikifika nifanye nini?

Jibu: Kamera yako haina shida, na lenzi hiyo ndiyo ambayo wapiga picha wengi wa vipepeo wangeichagua. Shida ni kwamba unawatafuta vipepeo wa Uingereza kwa kalenda ya nyumbani. Usambara na pwani, vipepeo hufuata mvua: ikinyesha, majani yanachipua, nao wanajaa. Uingereza wanafuata joto, na joto la Aprili ni haba. Misuli ya kifua cha kipepeo haifanyi kazi vizuri ya kuruka mpaka ifikie takriban nyuzi 30 za Selsiasi, ilhali hewa yenyewe huenda ni nyuzi 13 tu. Pengo hilo analiziba kwa kuota jua. Ukilielewa hilo, utajua siku gani utoke, usimame upande gani wa wigo, na dakika ipi kipepeo atakubali umsogelee.

Nani anatoka lini

Mfuatano wa vipepeo wa majira ya kuchipua unategemea kila mmoja alivyoupitisha msimu wa baridi. Waliolala wakiwa vipepeo kamili, ndani ya mashimo ya miti, kwenye vibanda au katikati ya majani ya ivy, mmea unaotambaa juu ya miti na kuta, hawana cha kusubiri ila jua. Hao ndio wa Machi: Brimstone wa rangi ya njano, Peacock mwenye macho manne mabawani, Small Tortoiseshell, na Comma ambaye kingo za mabawa yake zinaonekana kama zimechanwa. Siku moja ya jua yenye nyuzi 12 au 13 na upepo mdogo inatosha kuwaamsha.

Wanaofuata walilala wakiwa pupa, yaani hatua ya ganda kati ya kiwavi na kipepeo. Hawahitaji kula tena, kinachobaki ni kukamilisha mwili na kupasua ganda, kwa hiyo kuanzia mwanzo au katikati ya Aprili, kusini mwa Uingereza, wanatoka Orange-tip, Holly Blue, Green-veined White na Speckled Wood. Mwisho wa Aprili na Mei ndipo wanapoanza wale wa maeneo maalumu: Green Hairstreak, Dingy Skipper, Grizzled Skipper na Duke of Burgundy. Waliolala wakiwa viwavi wachanga au mayai wanahitaji kula kwanza, na wengi wao ni wa Juni na Julai. Ndiyo sababu mwanzoni mwa Juni mara nyingi kuna pengo: kizazi cha kwanza kimechakaa na cha kiangazi hakijatoka. Usidhani umekosea njia.

Katikati ya hayo, hasa Mei na Juni, anafika mgeni ambaye huenda ulimwona nyumbani. Painted Lady, Vanessa cardui kwa jina la kisayansi, anaishi pia Kenya na Tanzania. Wanaofika Uingereza ni matunda ya vizazi kadhaa vilivyopokezana safari kutoka kusini mwa Sahara, kupitia Afrika Kaskazini na Bahari ya Mediterania. Akifika mabawa yake mara nyingi yamepauka, na hiyo ndiyo picha yake ya kweli. Usimruke ukitafuta mwenye rangi kamili.

Siku na saa

Wanaohesabu vipepeo kitaifa chini ya UK Butterfly Monitoring Scheme, mpango ulioanza 1976, wana kanuni ambayo inakufaa hata wewe usiyehesabu. Hutembea kati ya saa tano kasorobo asubuhi na saa kumi kasorobo alasiri. Chini ya nyuzi 13 hawahesabu. Kati ya 13 na 17 wanataka jua liwe limewaka angalau asilimia 60 ya muda wa matembezi. Zaidi ya 17, hata mawingu yanakubalika. Utabiri wa hewa ukisema nyuzi 10, mawingu na upepo, baki nyumbani usafishe lenzi. Bila shaka zile siku ulizotoka mtupu zilikuwa za namna hiyo.

Ila kanuni hiyo ni ya kuwaona, na kuwapiga picha ni jambo jingine. Saa saba mchana siku ya joto, kipepeo ana moto wa kutosha na hakai mahali. Saa zako ni za pembeni: tangu saa tatu na nusu hadi saa tano asubuhi, anapotanua mabawa na kuota, na tena jioni anapotafuta pa kulala. Siku nzuri kuliko zote si ile ya anga tupu. Ni siku ya mawingu mepesi yanayopita, jua dakika tano, kivuli dakika mbili. Kila wingu linamlazimisha kipepeo atue.

Mahali

Umekulia mahali ambapo jua la mchana linapita karibu utosini. Luton iko latitudo ya 52 kaskazini, na jua la mchana daima liko upande wa kusini. Kwa hiyo wigo wa vichaka unaotoka mashariki kwenda magharibi una pande mbili tofauti kabisa: upande unaotazama kusini unapata jua na umekingwa upepo wa kaskazini, na upande wa pili ni baridi tupu. Tembea upande wa kusini. Kingo za misitu, kona za mashamba, njia pana za ndani ya msitu na miteremko inayotazama kusini ni bora kuliko uwanja wazi wenye majani mazuri lakini upepo unavuma.

Kisha tafuta mmea kabla ya kumtafuta mdudu. Mwezi Machi angalia maua ya mti wa willow, yale yenye manyoya ya njano, na baadaye maua meupe ya kichaka cha blackthorn, na maua ya njano ya dandelion chini kwenye nyasi. Hapo ndipo waliolala baridi nzima wanapata nekta. Palipo na kundi la nettle, mmea wa majani yanayowasha, jamaa ya thabai wa Kenya, Peacock na Small Tortoiseshell watapita, kwa kuwa ndiyo chakula cha viwavi wao. Brimstone jike anatafuta buckthorn pekee, vichaka viwili tu vya jina hilo, na ukimwona kipepeo wa kijani kilichopauka anagusagusa matawi ya kichaka ambacho bado hakijajaa majani, anataga. Holly Blue hupita juu, usawa wa kichwa chako au zaidi, akizunguka ivy na holly, mti wa majani yenye miiba. Kipepeo wa buluu Aprili bustanini karibu daima ni yeye. Common Blue huanza Mei, hukaa chini kwenye nyasi, na ana madoa ya chungwa upande wa chini wa mabawa. Holly Blue ana nukta ndogo nyeusi tu juu ya rangi ya fedha.

Anza na Orange-tip

Kama una wikendi tatu tu za Aprili na Mei, mpe huyu zote. Ni wa kawaida, ni mzuri mno, na anafundisha karibu kila kitu. Dume ni mweupe mwenye ncha za chungwa kali. Jike hana chungwa, ana ncha nyeusi tu, na wengi humpita wakidhani ni Small White. Alama inayowaunganisha iko chini ya bawa la nyuma: madoadoa ya kijani kama ukungu wa ukuta, ambayo kwa kweli ni magamba ya njano na meusi yaliyochanganyika. Hakuna mweupe mwingine wa kawaida mwenye hayo.

Dume hupita wigo mzima akitafuta jike, bila kutua. Kumfukuza ni kupoteza asubuhi. Tafuta mahali penye garlic mustard, mmea wa pembezoni mwa njia wenye maua madogo meupe na majani yanayonuka kitunguu saumu ukiyafikicha, au cuckooflower wa malisho yenye unyevu, ua lake likiwa zambarau iliyopauka. Simama hapo. Atarudi kwa njia ileile, na wingu likifunika jua utamwona akishuka, kwa kawaida kwenye ua, na kufunga mabawa. Usikimbilie. Weka jicho kwenye shina alilotua, maana akifunga mabawa yale madoa ya kijani humpoteza mara moja kati ya maua, kisha sogea jua likiwa bado limefichwa. Umeshafika, umepiga picha za mabawa yaliyofungwa, sasa subiri. Jua likirudi atatanua mabawa kabla ya kuruka. Una sekunde kadhaa, mara nyingine dakika nzima, na kwa sababu kamera yako tayari iko mahali pake, hiyo ndiyo picha ya ncha za chungwa ambayo hungeipata kwa kumfuata.

Jioni ya baridi hulala juu ya maua hayohayo. Ukiona alipolala saa kumi na mbili jioni, rudi kesho yake alfajiri kabla jua halijagusa mmea. Atakuwa ameganda kwa baridi, pengine ana umande, na hapo unaweza kutumia tripodi, tundu la lenzi la f/11 na kasi ndogo hata 1/15 ya sekunde ikiwa hakuna upepo. Usimguse wala usipige shina. Akianguka akiwa baridi hawezi kuruka kumkimbia ndege au buibui.

Na asipoonekana kabisa, tafuta mayai. Jike hutaga yai moja kwa kila kichwa cha ua, kwenye kijishina chini ya vitumba. Lina urefu wa milimita moja hivi, hutagwa likiwa jeupe, na baada ya siku chache huwa la rangi ya chungwa ambayo jicho huiona kirahisi. Sababu ya kutaga moja moja ni kwamba kiwavi wa Orange-tip hula mayai na viwavi wenzake. Lenzi yako ya makro katika kipimo cha 1:1, yaani ukubwa halisi, ilitengenezwa kwa kitu kama hicho.

Kumkaribia

Kipepeo huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, na kinachomshtua kuliko rangi ya nguo zako ni mwendo na kivuli. Saa nne asubuhi katikati ya Aprili, Luton, jua liko nyuzi 34 tu juu ya upeo wa macho, na mtu wa mita 1.7 anatupa kivuli cha mita 2.5. Yaani kivuli chako humfikia kipepeo kabla yako. Kabla ya hatua ya kwanza angalia kivuli chako kimelala wapi, kisha zunguka kwa mbali hadi kimwepuke. Jua likiwa ubavuni mwako mambo huwa mepesi.

Piga picha ya kwanza ukiwa mita 1.5, iwe ya ushahidi wa kumtambua. Kisha piga magoti, kamera ikiwa tayari jichoni, maana kuinua mikono ukiwa karibu ndiko kunakomrusha. Sogea polepole bila kutikisa nyasi zilizoungana na alipokaa. Unyasi mmoja ukivutwa unatikisa mmea mzima. Akipigapiga mabawa au kugeuka, simama mpaka atulie. Akiruka, usikate tamaa haraka. Dume la Peacock mchana hushika kituo chake ardhini, na dume la Speckled Wood hushika doa la jua msituni. Wote huruka kumfukuza apitaye na mara nyingi kurudi palepale. Kaa chini karibu na kituo hicho na umngoje.

Kamera

Orange-tip ana upana wa milimita 45 hadi 50. Kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24, ukikuza nusu ya ukubwa halisi atachukua zaidi ya nusu ya upana wa picha, na hiyo inatosha. Kipepeo atakuwa robo mita hivi kutoka kwenye mdomo wa lenzi. Sasa fikiria kina cha ukali. Kwa ukuzaji huo, f/8 inakupa karibu milimita 3 tu za sehemu iliyo kali. Hapo ndipo ukungu wako unatoka. Kufunga tundu hadi f/22 si dawa, kwani mwanga unatawanyika na picha nzima inalegea, na kasi inashuka. Dawa ni pembe: uso wa sensa uwe sambamba na uso wa bawa. Akiwa amefunga mabawa, jiweke ubavuni mwake kabisa. Akiwa ametanua, piga kutoka juu. Akiwa nusu wazi huwezi kupata vyote, basi shika jicho na uache mabawa yapotee taratibu.

Tumia f/8 au f/11, na usishuke chini ya 1/500 ukishika kamera mkononi, hata kama lenzi yako ina kizuia mtikisiko. Hicho kinatuliza mikono yako, hakizuii ua kuyumba. Kwenye jua, ISO 400, yaani kiwango cha wepesi wa sensa kuhisi mwanga, inatosha. Wingu likija, ruhusu ISO ipande hadi 1600. Chembechembe husafishika kwenye kompyuta, mtikisiko hausafishiki. Weka nukta moja ya fokasi juu ya jicho. Ukiwa karibu sana na fokasi inahangaika kwenda na kurudi, izime, weka umbali kwa mkono, kisha yumbisha mwili wako mbele na nyuma kidogo sana huku ukipiga mfululizo wa picha tano hadi nane. Mojawapo itakuwa kali jichoni.

Weupe wanaungua kwa sababu kamera inapima nyasi za kijani zilizojaa fremu, inaona giza, inaongeza mwanga. Teremsha fidia ya mwangaza kwa theluthi mbili ya hatua, hadi hatua nzima jua likiwa kali. Brimstone na ncha za Orange-tip wana mtego mwingine: mkondo wa rangi nyekundu huungua peke yake wakati histogramu ya jumla, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, inaonekana salama. Fungua histogramu ya rangi tatu, na upige RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Peacock aliyefunga mabawa ni kinyume, ni mweusi kama kaa. Huyo ongeza theluthi moja.

Wawili hawatakupa mabawa wazi hata ukingoja siku nzima. Brimstone na Green Hairstreak hutua wakiwa wamefunga, na wanaota jua kwa kuligeuzia ubavu. Brimstone ni mzuri mwanga ukitoka nyuma yake, mishipa ya bawa huonekana kama ya jani. Green Hairstreak ni mdogo, na kijani chake kinatokana na umbo la magamba, si rangi ya kawaida, kwa hiyo nyuzi chache za pembe zinabadilisha kila kitu: sehemu moja kimepauka, sogea kidogo, kinawaka kama zumaridi. Piga pembe kadhaa kabla hajaruka.

Siku usiyobeba kamera, simu inafaa ukichagua lenzi yake ya kukuza mara 2 au 3 na kusimama sentimita 30 au 40. Simu nyingi zikikaribia kitu huhamia zenyewe kwenye hali ya makro ya lenzi pana, ambayo inakulazimu uende sentimita chache, na hapo kivuli cha simu kinamfukuza kipepeo. Izime hiyo.

Kutoka Luton

Machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa ya Totternhoe, karibu na Dunstable, hayako mbali nawe. Nenda mwezi Mei kwa ajili ya Dingy Skipper, Grizzled Skipper, Green Hairstreak na, zaidi ya wote, Duke of Burgundy, mmoja wa vipepeo walioadimika Uingereza. Viwavi wake hula cowslip na primrose, mimea midogo ya porini yenye maua ya njano. Madume hushika kona zenye joto zilizokingwa na vichaka. Baki kwenye njia zilizokwisha kukanyagwa. Goti moja likibonyeza cowslip zenye majani makubwa linaweza kuharibu mayai yaliyo chini ya jani, na watu wanaokuja na kamera mwezi huo ni wengi. Usikate nyasi inayoziba picha, ishikize pembeni kwa kijiti kisha uiachie ukimaliza. Kumpoza kipepeo kwenye friji ili atulie ni ukatili, na picha zake hujulikana: miguu haijashika mmea.

Vaa suruali ndefu na uchomeke ncha zake ndani ya soksi. Kupe wa nyasi za Uingereza wanaweza kubeba ugonjwa wa Lyme, na mpiga picha anayepiga magoti ndiye windo lao. Jikague ukirudi nyumbani, hasa nyuma ya magoti na kiunoni. Ukimkuta, mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, ukivuta moja kwa moja bila kumkamua.

Kila utakayemtambua kwa uhakika mwandike kwenye programu ya iRecord Butterflies pamoja na tarehe, mahali na idadi. Picha ya upande wa chini wa bawa ndiyo inayomwezesha mhakiki kuthibitisha, hasa kwa weupe na wa buluu, hivyo ipige hata kama ile ya juu ni nzuri zaidi.